Muda wetu si hasara: mazungumzo juu ya kazi ya kufundisha kazi



Mlituomba tuseme juu ya kazi. Siku ile mlituomba, tuliangaliana, tukacheka. Sisi tulio mbele yenu tuko watano, wote tuko na diploma ya iniversite, na wote tuko washomere. Ni miaka miwili kwa mmoja, mitatu kwa mwingine, tunatembeza dosie. Mnaijua dosie ile: barua ya kuomba, kopi ya diploma, picha mbili, kartoni ya bluu. Mlinzi anaipokea kwenye lango, anaiweka juu ya rundo, anasema: «Watawaita.» Basi sisi ni nani tuwafundishe ninyi juu ya kazi?

Hatukuja kufundisha. Tulikuja kuwasimulia jambo lililotutokea, kwa sababu tunajua wengi kati yenu liko karibu kuwatokea.

Kulikuwa bango kwenye simu zetu, katika kila grupu ya WhatsApp: «Lean manejimenti. Kuwa mshauri wa makampuni na kochi wa viongozi. Siku 3. Sertifika ya kimataifa.» Bei, dola 60 kwa mtu. Tulizitafuta. Mmoja wetu alichukua zamu ya mama yake katika likelemba, akaahidi kurudisha kwa mshahara wa kwanza. Tuliingia katika sale ya hoteli, tukaandika, tukapigwa picha na sertifika mkononi, tukaiweka picha kwenye Facebook. Watu walitupongeza sana. Siku ya ine tulimpigia mwalimu simu kumuuliza tuanzie wapi sasa. Simu iliita mara mbili, kiisha haikuita tena. Hatutataja jina lake. Pengine naye ni shomere kama sisi, ila yeye alipata projekta.

Ile likelemba haijarudishwa hadi leo. Mama anajua. Hasemi kitu, na njo inauma zaidi.

Lakini katika siku zile tatu kulikuwa neno moja lililobaki kichwani mwetu. Mwalimu alilipita haraka, kama mtu anayesoma asichokielewa. Neno lenyewe ni «muda». Apana muda wetu wa Kiswahili. Ni neno la Kijapani, linaandikwa hivyo hivyo na linatamkwa karibu hivyo hivyo, na maana yake ni hasara: kitu cha bure, jasho lisilomsaidia yeyote. Sisi tulicheka. Kwetu muda ni wakati, na shomere hakosi muda. Kwao muda ni hasara. Tulirudi nyumbani tukisema: hawa Wajapani wanatujua.

Kiisha kucheka, hasira ikaja, na hasira ikatufanya tutafute. Tulitaka kujua: hii kazi waliyotuuzia kwa siku tatu, iko kweli? Kuko watu wanaoishi kwa kufundisha makampuni namna ya kufanya kazi bila hasara, na kwa kuwasaidia viongozi waongoze vizuri? Na kama wako, walifikaje?

Wako. Na njia waliyopita haifanani hata kidogo na ile ya bango.

Tuanze na mzee Taiichi Ohno. Aliingia katika kiwanda cha nguo cha familia ya Toyoda mwaka 1932, kijana mwenye masomo ya shule ya ufundi. Mwaka 1943 alihamia upande wa magari, Toyota ile ile iliyotengeneza Hiace tunazobananishwa ndani kila siku. Baada ya vita Japani ilikuwa imevunjika. Hakukuwa feza, hakukuwa vyuma vya kutosha. Mwaka 1950 Toyota ilikuwa karibu kufa: wafanyakazi waligoma, wengi walipoteza kazi, na mkubwa wa kampuni, Kiichiro Toyoda, alijiuzulu. Ohno hakuwa na makuta ya kununua mashini mpya. Alichokuwa nacho ni macho. Alianza kuangalia kazi yenyewe na kuuliza: katika mambo haya yote mtu anafanya tangu asubuhi, ni yapi yanamsaidia mwenye kununua gari, na ni yapi ni muda, yaani hasara?

Akahesabu aina saba za hasara. Kutengeneza kupita kiasi. Kungoja. Kubebabeba vitu huku na huku. Kufanya kazi isiyohitajika juu ya kitu. Kurundika vitu stoo. Kutembea na kuinama bure. Na kutengeneza vibaya hadi kurudia. Angalieni orodha hiyo polepole. Nani hapa hajui kungoja? Nani hapa hajabeba karatasi moja kwenye ofisi ine ili ipigwe muhuri mmoja?

Wanasimulia kwamba Ohno alikuwa anachora duara kwa choki kwenye sakafu ya kiwanda, anamsimamisha kiongozi kijana ndani yake, anamwambia: simama hapa, angalia. Anaenda zake. Anarudi kiisha masaa mengi na kuuliza: umeona nini? Kijana akijibu vibaya, anabaki ndani ya duara. Hiyo njo ilikuwa darasa. Na kitabu chake juu ya mambo hayo kilitoka mwaka 1978, miaka 35 tangu aingie katika magari. Miaka 35, wakamarade. Sisi tulipewa sertifika kiisha siku tatu.

Wa pili ni Mmarekani, W. Edwards Deming, mtu wa hesabu na takwimu. Mwaka 1950, akiwa karibu na miaka 50, alienda Japani kufundisha mainjinia na wakubwa wa makampuni. Wajapani walimsikiliza hadi wakaanzisha tuzo yenye jina lake mwaka 1951, na iko hadi leo. Kwake Marekani, viwanda havikumjali sana. Ni mwaka 1980, kiisha televisheni kumwonyesha, ndipo makampuni makubwa yalianza kumtafuta. Alikuwa na miaka 79. Aliendelea kufundisha hadi mwaka wa mwisho wa maisha yake, 1993. Na jambo alilowarudilia wakubwa bila kuchoka ni hili: kazi ikienda vibaya, mara nyingi kosa si la mfanyakazi. Kosa liko katika namna kazi ilivyopangwa, na anayepanga ni mkubwa. Ondoeni woga kwenye kazi, aliwaambia, kwa sababu mtu mwenye woga anaficha makosa.

Shikeni neno hilo la woga. Tutalirudilia.

Wa tatu ni John Shook, na huyu njo alitugusa zaidi, kwa sababu alianza kama kijana mwenye masomo na hamu, bila kitu kingine. Alijifunza Kijapani, akaenda Japani, akaingia Toyota mwaka 1983. Toyota ilikuwa inajitayarisha kufungua kiwanda Marekani pamoja na kampuni ya General Motors, na ilihitaji mtu wa kusaidia kufundisha Wamarekani. Mbele ya kumpa kalamu ya mwalimu, walimweka kiwandani, kwenye mstari wa kuunganisha magari, mikono kwenye chuma. Alikuwa na mkubwa wake, Isao Yoshino, aliyemfundisha kwa kumpa kazi na kumuuliza maswali. Kiisha hapo, Shook akawa mwalimu wa wengine, akafundisha kwenye iniversite ya Michigan, akaandika vitabu, akawa mshauri, na mwaka 2010 akaanza kuongoza shirika la Lean Enterprise Institute. Hiyo njo kazi ya kufundisha, ya ushauri na ya kuwasindikiza viongozi. Iko. Lakini mlango wake uko kwenye sakafu ya kiwanda.

Kiwanda hicho alichosaidia kufungua tunataka tuwasimulie, kwa sababu ni kama hadithi ya kwetu.

Kiko Fremont, California. General Motors ilikuwa nacho tangu miaka ya 1960, na kilikuwa na jina baya. Watu walikuwa wanakosa kazini. Siku zingine mfanyakazi mmoja kati ya watano hakuja. Wakubwa na sendika walikuwa wanapigana kila siku. Magari yalitoka na kasoro. Kulikuwa sheria moja kubwa: mstari usisimame, hata kama gari inapita na kosa. Mwaka 1982 General Motors ilikifunga. Kila mtu alisema: wafanyakazi wa pale ni wabaya, walevi, wavivu.

Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa jina la NUMMI, na Toyota ikaongoza. Waliajiri nani? Wengi sana walikuwa wafanyakazi wale wale, na sendika ile ile. Mamia kati yao walipelekwa Japani kuona kazi kwa macho. Na waliporudi, juu ya kila kituo cha kazi kulikuwa kamba. Mfanyakazi yeyote akiona shida, anavuta. Kiongozi wa grupu anakuja mbio, na neno lake la kwanza ni kutaka kujua shida iko wapi na atasaidiaje. Hakuja kugomba. Shida isipoisha haraka, mstari mzima unasimama.

Ndani ya muda mfupi, magari ya NUMMI yalikuwa kati ya yale bora ya General Motors yote. Watu wanaokosa kazini walishuka hadi karibu wawili kwa mia. Watu wale wale! Hawakubadilishiwa moyo kwa mahubiri. Walibadilishiwa kazi, na kazi ikawabadilisha wao.

Ni mtu aliyekuwa injinia wa kiwanda kile, John Krafcik, aliyeandika mwaka 1988 lile neno la kwenye bango letu. Kwa Kiingereza linamaanisha kitu kisicho na mafuta ya bure, kama nyama nyekundu. Basi aliyeleta neno alipita pale, kati ya watu waliosemwa kuwa hawafai.

Na sisi, wakamarade, tunasemwaje? Vijana wa Kongo ni wavivu. Wanakaa kwenye barabara. Wanangoja mzungu na mradi. Tulisikia hayo kwa redio, kwa kanisa, hata kwa nyumba. Tuliposoma hadithi ya Fremont tulinyamaza kwanza, kila mmoja na mawazo yake.

Kiisha tukasema: tujaribu. Na hapa tunakuja kwenye aibu yetu.

Kuko kituo kimoja cha afya, katika moja ya kartie zetu. Hatutakitaja, kwa sababu watu wake walitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Wamama wanafika pale na watoto wenye homa tangu saa kumi na mbili ya asubuhi, na wengine wanatoka saa sita. Tuliandika karatasi kumi zenye maneno ya Kijapani, tukavaa vizuri, tukaenda kumuona mama titulere, yaani infirmie anayeongoza kituo. Tulimwambia tuko washauri, na tumekuja kumpa suluhisho. Tulimwonyesha na sertifika.

Alitusikiliza hadi mwisho. Kiisha akauliza: «Wadogo zangu, mumeisha kukaa hapa hata siku moja?»

Tukajibu: «Apana, mama.»

«Basi hayo munayasema, muliyaona wapi?»

Hatukuwa na jibu. Akarudia kazi yake, na sisi tukarudi na karatasi zetu. Njiani hakuna aliyesema na mwenzake.

Kiisha wiki moja tulirudi. Safari hii bila karatasi. Tulimwambia: «Mama titulere, utusamehe. Tunaomba ruhusa tukae tu, tuangalie, tuandike. Hatutasumbua mtu, hatutapiga picha ya mgonjwa.» Alifikiri kidogo, akasema: «Mukae pale kwenye benchi. Na mukae kweli.»

Tulikaa asubuhi tatu. Tulimfuata kwa macho mama mmoja na mtoto wake wa homa. Alinunua fishi. Alingoja. Aliingia kwa infirmie, akatumwa kase kulipa. Alingoja. Alienda laboratwari, akarudishwa kase kwa sababu resi ilikosa kitu. Alingoja. Laboratwari tena. Alingoja jibu. Infirmie tena. Kase tena, kwa dawa. Kutoka alipoingia hadi alipotoka yalikuwa zaidi ya masaa ine. Wakati ambao mtu alikuwa kweli anamhudumia mtoto, tuliuhesabu: haukufika nusu saa. Masaa yale mengine yote yalikuwa muda, ule wa Kijapani. Na mtoto anawaka moto mgongoni.

Mbele, tungesema mara moja: kesie ni mvivu, anafungua dirisha saa tatu wakati watu wamefika saa kumi na mbili. Hata wamama kwenye mstari walisema hivyo, na maneno mengine tusiyoyarudia hapa. Lakini tulikuwa tumesoma kwamba mzee Ohno alikuwa anauliza «kwa nini» mara tano. Basi siku ya tatu, mama titulere mwenyewe alipokuja kukaa nasi kwenye benchi, tukamuuliza.

Kwa nini kase inafunguka saa tatu? Kwa sababu kesie anangoja kitabu cha resi. Kwa nini anakingoja? Kinafungwa kwenye kabati ya jestionere, na jestionere anatokea mbali, anafika saa mbili na nusu au zaidi. Kwa nini kinafungwa kule? Kwa sababu siku moja kitabu kilipotea. Kwa nini kilipotea? Kwa sababu kilipita mikono mingi na hakuna aliyejua nani alikuwa nacho. Kwa nini hakuna aliyejua? Hapo mama titulere alinyamaza. Kiisha akasema polepole: «Kwa sababu hatukuwa na kaye ya kusaini.»

Kaye! Daftari ya franga kidogo. Kesie hakuwa mvivu. Kila siku alifika saa moja na nusu, akakaa nyuma ya dirisha akitukanwa, kwa sababu ya daftari iliyokosa.

Alisema maneno hayo yeye mwenyewe, apana sisi. Kama tungelimwambia siku ya kwanza, angelitufukuza, na angelikuwa na haki. Wakanunua kaye. Infirmie wa zamu ya usiku anabaki na kitabu, anasaini, anampa kesie asubuhi, anasaini. Kase sasa inafunguka saa moja na nusu. Mstari unaanza kutembea mapema. Tulipita kule tena mwezi uliofuata: kaye ilikuwa bado inasainiwa.

Tusiwadanganye. Hatukuokoa kituo. Siku zingine vifaa vya kupima maralia vinakosa. Kati ya wale infirmie kuko wanaofanya kazi bila mshahara wa Leta, wanaishi kwa kile wagonjwa wanalipa. Hayo hayaishi kwa daftari. Kuko hasara zinazoanzia kwenye benchi, na mtu wa benchi anaweza kuziondoa. Na kuko hasara zinazoanzia juu kabisa, na hizo tunaendelea kuzidai kwa barua, kwa maandamano ya amani, kwa sauti zetu kama raia. Lakini tulijifunza hili: mtu aliyekaa asubuhi tatu kwenye benchi, siku akisimama kudai, anadai vizuri zaidi. Anajua tarehe, anajua saa, anajua nini kinakosa. Hawezi kuambiwa «kijana, hujui unachosema».

Sasa turudilie woga.

Neno hili la kazi bila hasara linatumika vibaya pia, na ninyi mlinde masikio. Kuko wakubwa wanaolipenda kwa sababu wanasikia ndani yake ruhusa ya kufukuza watu. Wanamwita mshauri, mshauri anahesabu, kiisha wiki mbili watu ishirini wako barabarani. Huo ni ujanja wa zamani wenye nguo mpya. Pale Fremont, mwaka 1988, mauzo yalishuka sana. Kiwanda hakikufukuza wafanyakazi. Waliwatumia kwa mafunzo na kwa kurekebisha kazi, hadi mauzo yakarudi. Walikuwa wameahidi hivyo katika mkataba na sendika. Na akili inaelewa kwa nini: nani atakuonyesha hasara iko wapi kama anajua hasara utakayoondoa ni yeye mwenyewe? Ukileta woga, kamba haivutwi.

Tuwaambie na mwisho wa Fremont, ili msifikiri ni hadithi ya malaika. General Motors ilichukua miaka mingi kujifunza kutoka kiwanda chake yenyewe. Walipojaribu kupeleka mambo yale kwenye viwanda vingine, kamba iliwekwa, lakini wakubwa waliendelea kugomba aliyeivuta. Mwaka 2009 General Motors ilianguka, ikajiondoa NUMMI, na Aprili 2010 kiwanda kilifungwa. Leo ni Tesla inatengeneza magari mule. Basi kununua kamba ni rahisi. Kubadilisha anayekuja mtu akivuta kamba, hiyo njo kazi ngumu, na njo maana kuko watu wanaolipwa kwa kuwasindikiza viongozi miaka na miaka.

Na sisi katika selile zetu? Tunaandika «mkutano saa nane kamili». Tunaanza saa tisa na nusu. Tukiwa ishirini, tumekula masaa thelathini ya watu. Na mratibu anasema wa kwanza, anasema wa mwisho, na katikati anauliza kama kuko swali. Ni selile ngapi hapa kijana mpya anaweza kusema «wakubwa, hapa tumekosea», na mtu akamjibu «aksanti, tuonyeshe»? Kama kwetu kamba haivutwi, tusidai ivutwe kwa guverneri.

Sasa, ninyi mlio na dola 60 mfukoni, au mlio karibu kuzikopa. Hatusemi mafunzo yote ni wizi. Kuko walimu wa kweli, hata hapa Kongo. Lakini mbele ya kulipa, muulize mwalimu mambo matatu. La kwanza: umefanya kazi wapi wewe mwenyewe, miaka mingapi, na nani alikufundisha? La pili: tutafundishiwa wapi, katika sale tu, au tutaenda mahali kazi inapofanyika? La tatu: tuonyeshe mahali pamoja ulipopasaidia, na tuzungumze na watu wanaofanya kazi pale, apana mkubwa wao peke yake. Mwalimu wa kweli atafurahi. Yule mwingine atawaambia nafasi zinaisha leo saa kumi na mbili.

Mtatuuliza: na ninyi, mlipata kazi? Apana. Bado tuko washomere. Mama titulere hakuwa na cha kutulipa. Siku ya mwisho alitupa chai na mkate, tukala pamoja na kesie. Mmoja wetu aliitwa na mwenye kiwanda kidogo cha mikate aliyesikia habari ile. Anakaa kule asubuhi mbili kwa wiki, anapewa transporti na mikate. Si mshahara. Na tunawaambia wazi: kijana asifanye kazi ya bure miaka na miaka kwa mtu anayepata faida. Asubuhi tatu za kujifunza ni zawadi. Miezi sita kwa kampuni bila malipo ni kunyonywa. Tunajua pia kwamba kujua hasara iko wapi hakuzai kazi elfu kumi katika mji usio na viwanda. Ila diploma ilitupa maneno, sertifika ikatupa picha, na ile benchi ilitupa kitu ambacho mtu anaweza kutuuliza juu yake na tukajibu.

Tunawaomba kitu kimoja. Kila selile ichague mahali pamoja karibu nayo: robine ambapo bidoni zinapanga mstari tangu usiku, ofisi ya kartie, kituo cha afya, kiwanda cha sabuni. Ombeni ruhusa. Kaeni asubuhi tatu. Andikeni saa na hatua. Msilete suluhisho. Msimtaje mtu kuwa mvivu mbele ya kuuliza kwa nini mara tano. Siku ya ine, waombeni wanaofanya kazi pale waseme wao. Kiisha mtuletee mlichokiona, na tutakisoma hapa mbele ya wote.

Mmoja wetu atarudisha ile likelemba. Aliahidi mbele ya mshahara, na mshahara haujafika, lakini ahadi imefika. Kila wiki anaweka kando kidogo kutoka ile transporti ya mikate, anatembea kwa miguu.

Muda tuko nao, wakamarade. Ni juu yetu kuamua tutausoma kwa Kijapani au kwa Kiswahili.